SILAHA ZA NYUKLIA: HAKI YA NANI?

Kuna swali ambalo limekuwa likizunguka katika darasa letu tangu muhula wa pili, na hata kengele ya kwenda nyumbani ikilia sisi huendelea nalo njiani mpaka Wang'uru. Swali lenyewe ni hili: je, kila taifa huru lina haki sawa ya kumiliki silaha za nyuklia? Liliingia kwetu kama mada ya mdahalo wa Chama cha Kiswahili. Kwa kawaida mada zetu ni zile za "maisha ya mashambani ni bora kuliko ya mjini", ambazo mtu huzisahau kabla ya kufika nyumbani. Hii imekataa katakata kusahaulika, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Kwanza tujue tunazungumza juu ya nani. Nchi zenye silaha hizo ni tisa: Marekani, Urusi, Uingereza, Ufaransa, China, India, Pakistan, Israeli na Korea Kaskazini. Kwa jumla zina mabomu takriban 12,000, na karibu asilimia 90 ya hayo yako mikononi mwa Urusi na Marekani peke yao. Nchi nyingine za Umoja wa Mataifa, ambazo ni zaidi ya 180, hazina hata moja, na karibu zote zimetia sahihi kwamba hazitalitafuta.

Sahihi hiyo ilitiwa katika Mkataba wa Kuzuia Uenezaji wa Silaha za Nyuklia, uliofunguliwa tarehe 1 Julai 1968 na kuanza kufanya kazi tarehe 5 Machi 1970. Kenya ilitia sahihi siku ile ile ya kwanza. Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi wetu hatukulijua. Mkataba unasema kwamba taifa linalotambuliwa kuwa na silaha hizi ni lile lililolipua bomu lake kabla ya tarehe 1 Januari 1967. Basi! Hakuna kipimo cha busara, wala cha tabia njema, wala cha wingi wa watu. Ni tarehe tu. Ni kama mtu aseme kwamba aliyekata shamba kabla ya Januari ni mwenye shamba, na aliyekuja Februari ni mwizi. Nchi tano zilifika mapema, na nchi hizo hizo tano, kwa bahati au si kwa bahati, ndizo zenye viti vya kudumu katika Baraza la Usalama.

Walakini tusiwe waongo. Hizo tano nazo ziliahidi kitu. Kifungu cha sita cha mkataba kinazitaka zifanye mazungumzo kwa nia njema ili silaha hizo ziondolewe. Tarehe 8 Julai 1996 majaji wa Mahakama ya Kimataifa kule The Hague walisema kwa kauli moja kwamba ni wajibu kuyafanya mazungumzo hayo na kuyafikisha mwisho. Sisi wengine tumeshika upande wetu wa ahadi kwa zaidi ya miaka hamsini. Wao bado wako kwenye "nia njema".

Rafiki yangu mmoja, ambaye sitamtaja jina kwa sababu atafurahi kupita kiasi, alisimama katika mdahalo akasema maneno yaliyopigiwa makofi mpaka vumbi likatoka kwenye madawati. Alisema, "Aidha wote wawe nalo au asiwe nalo mtu. Uhuru hauna mkubwa na mdogo. Kama Kenya ni huru na Ufaransa ni huru, basi anachoruhusiwa Mfaransa naruhusiwa mimi." Hata walimu walipiga makofi. Na kwa kweli, mtu aliyezaliwa chini ya mlima huu hawezi kuyasikia maneno hayo bila damu kumchemka kidogo, kwa maana sheria ya namna hiyo tumewahi kuionja.

Wanafunzi wenzangu, si mnajua habari za Dedan Kimathi? Tunaijua sanamu yake pale Nairobi na chuo kikuu chenye jina lake kule Nyeri. Lakini hebu niwaulize, Kimathi alinyongwa kwa kosa gani? Wengi watajibu "kwa kupigania uhuru", nalo ni jibu la moyo. Karatasi za mahakama zinasema jingine. Wakati wa Hali ya Hatari, mtu akipatikana na bunduki au risasi bila kibali adhabu yake ilikuwa kifo. Na kibali alipewa nani? Setla alikuwa na bunduki yake, polisi na yake, na ngati waliokuwa upande wa serikali na zao. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 pembeni mwa msitu, upande wa Nyeri, akiwa amejeruhiwa kwa risasi. Mwezi uliofuata akasimamishwa kortini Nyeri, na shtaka lilikuwa kumiliki bastola na risasi. Bastola moja! Akanyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Katika miaka hiyo zaidi ya watu 1,000 walipelekwa kwenye kitanzi, na wenzao wa msituni walikuwa wakijiundia bunduki kwa mabomba ya maji na komeo za milango.

Kabla ya hapo ndege za Uingereza aina ya Lincoln zilikuwa zimekwisha kuangusha mabomu katika misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua. Hakuna rubani aliyeulizwa kibali. Tena kuna jambo jingine nililogundua nikilinganisha tarehe, na lilinifanya niweke kitabu chini. Uingereza ililipua bomu lake la kwanza la nyuklia tarehe 3 Oktoba 1952, katika visiwa vya Monte Bello huko Australia. Hali ya Hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Ni siku 17 tu! Serikali iliyotoka kujaribu silaha kubwa kuliko zote duniani ndiyo iliyokuja kumnyonga mtu kwa ajili ya bastola.

Kwa hiyo mtu mwenye silaha anapomwambia asiye nayo, "Kitu hiki ni hatari mikononi mwako lakini si hatari mikononi mwangu," sisi watu wa hapa tunaitambua lugha hiyo. Rafiki yangu ana haki ya kukasirika. Mimi pia nakasirika. Lakini hasira ni kitu kimoja, na bomu ni kitu kingine.

Nilimpelekea nyanya yangu jambo hili. Sisi tunamwita cucu, naye alikuwa msichana wa miaka saba hivi wakati watu walipoondolewa makwao na kurundikwa katika vijiji vilivyozungushiwa handaki. Babake alikuwa kizuizini, mmoja wa wale waliochimba mifereji hii ya Mwea inayotulisha leo. Watu hupita juu ya daraja la mfereji wakienda kununua pishori wala hawajui ni majembe ya wafungwa yaliyoanzisha kazi hiyo. Cucu anamheshimu Kimathi, usije ukamsema vibaya mbele yake. Lakini nilipomweleza hoja ya rafiki yangu alitikisa kichwa akasema, "Wee mwana, bunduki za msituni zilikuja usiku kuuliza chakula, na bunduki za serikali zilikuja asubuhi kuuliza ni nani ametoa chakula." Nikamwuliza, je, kama pande zote mbili zingekuwa na bunduki sawasawa kwa idadi? Akanitazama kama mtu aliyeuliza swali la kitoto. "Na sisi wa katikati ingetusaidia nini?"

Sikupata jibu, wala sijalipata. Tunaposema mataifa yawe na haki sawa, tunasahau kwamba ndani ya mataifa kuna watu, na kando ya mataifa yanayogombana kuna majirani wasiohusika. Kenya tunalijua hilo. Tarehe 7 Agosti 1998 ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa pale Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, na Wamarekani miongoni mwao walikuwa 12 tu. Ugomvi haukuwa wetu, lakini makaburi mengi ni yetu. Na hilo lilikuwa lori moja la baruti za kawaida.

Sasa tufike kwa mtu mzito. Rafiki yangu hakujua kwamba hoja yake ilikuwa imekwisha kutolewa na Mkenya mwenzetu, tena Mswahili wa Mombasa, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2014. Mwaka 1979 alialikwa na redio ya BBC kutoa mihadhara yake mashuhuri ya kila mwaka iitwayo Reith, na ndani yake akasema Afrika nayo itafute silaha za nyuklia. Watu walishtuka. Lakini Mazrui hakutaka Afrika impige mtu. Fikira yake ilikuwa kwamba wakubwa hawaogopi mabomu yakiwa mikononi mwao; wataanza kuyaogopa yakifika mikononi mwa wale wanaowadharau, na hapo ndipo watakapokubali yaondolewe yote. Ni kama kumtisha mtoto wa tajiri kwa kumwambia kila mtu kijijini atanunua firimbi kama yake.

Nampa heshima zake Profesa. Aliona unafiki mahali wengine waliona sheria. Naye alikuwa na sababu ya kusema Afrika isikae nje ya mambo haya, kwa maana Afrika haikuwa nje hata siku moja. Urani nyingi iliyotumika katika bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka katika mgodi wa Shinkolobwe, Katanga, huko Kongo. Bomu hilo liliua takriban watu 140,000 kufikia mwisho wa mwaka huo. Mkongomani alichimba, Mbelgiji akauza, Mmarekani akaunda, Mjapani akafa. Halafu Ufaransa, ilipotaka kujaribu bomu lake la kwanza tarehe 13 Februari 1960, haikulijaribu karibu na Paris. Ililipeleka Reggane katika jangwa la Aljeria. Ikafanya majaribio 17 huko hadi mwaka 1966, mengine Aljeria ikiwa imekwisha kupata uhuru.

Lakini tujaribu dawa ya Profesa tuone kama imeponya. India na Pakistan zililipua mabomu yao Mei 1998. Korea Kaskazini ilijitoa katika mkataba mwaka 2003, na ikalipua lake la kwanza tarehe 9 Oktoba 2006. Je, wakubwa walitishika wakatupa yao? La hasha! Ni kweli mabomu yamepungua sana kutoka takriban 70,000 ya mwaka 1986, lakini yalipunguzwa na Marekani na Urusi wenyewe walipopatana na uhasama wao wa zamani kwisha, si kwa kuwaogopa wadogo. Kila mdogo alipoongezeka, wakubwa walipata sababu mpya ya kuyashika yao kwa mikono miwili.

Hapa nitawaletea jambo la nyumbani. Kabla Bwawa la Thiba halijakamilika mwaka 2022, maji yalikuwa yakipungua vibaya wakati wa kiangazi. Msimu mmoja jamaa wa upande wa juu wa mfereji wetu walikuwa wakifunga lango usiku kwa kufuli yao, maji yakawa yao peke yao, na mpunga wa sisi wa chini ukaanza kugeuka rangi. Baba alikuwa akitoka saa nane za usiku na tochi. Wengine walikwenda na mapanga, na nusura damu imwagike. Lakini hata siku zile za hasira sikumsikia mtu wa chini akidai kwamba kila shamba liwe na lango lake na kufuli yake. Kama kila mmoja angefunga, maji yangemfikia nani? Walichodai ni kufuli itolewe. Wazee wakakaa, ikaandikwa zamu, lango likawa la wote. Haikuwa amani tamu, na mpaka leo kuna nyumba mbili ambazo hazisalimiani.

Ndiyo tofauti ninayoiona. Haki ya maji ni haki kwa sababu jirani naye anaweza kuitumia na wote wawili mkavuna. Bomu halina zamu. Taifa moja likilitumia "haki" yake siku moja tu, mataifa mengine hayabaki na kitu cha kutumia. Kwa hiyo nikiulizwa kama Kenya ina haki sawa na Marekani, najibu ndiyo, ni sawa kabisa, na haki yenyewe ni sufuri kwa sufuri.

Mwalimu mmoja alinichokoza akisema mambo haya ni ya wakubwa, yanatuhusu nini sisi wa Mwea? Yanatuhusu kupitia sufuria. Kila mkulima wa hapa anajua kwamba mpunga ukichanua wakati wa baridi ya Julai hutoa makapi. Suke linasimama wima, ndani hamna kitu. Hiyo ni baridi kidogo tu ya wiki chache. Wataalamu wanasema miji mingi ikiungua kwa mabomu ya nyuklia, masizi yatapanda juu angani, yatalizuia jua kwa miaka, na dunia itapoa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Food ulikadiria kwamba vita vya namna hiyo kati ya India na Pakistan peke yao vinaweza kuua kwa njaa zaidi ya watu bilioni 2, na vita kati ya Marekani na Urusi zaidi ya bilioni 5. Kwa njaa, jamani, si kwa moto! Mtu wa Kimbimbi ambaye hata jina la Kashmir hajalisikia atatazama shamba lake lote likiwa Julai tupu. Nani alimwomba ruhusa?

Najua upande wa pili utasema nini, maana walinisemea usoni. Walisema, tazama Ukraine. Nchi hiyo ilibaki na mabomu ya Urusi ya zamani katika ardhi yake, ikakubali kuyatoa, na tarehe 5 Desemba 1994 kule Budapest ikaahidiwa na Urusi, Marekani na Uingereza kwamba mipaka yake itaheshimiwa. Mwaka 2014 Krimea ikachukuliwa, na tarehe 24 Februari 2022 Urusi ikaivamia nchi nzima. Tazama Libya: Gaddafi aliacha mpango wake Desemba 2003, na mwaka 2011 akauawa. Tazama Iran, iliyoshambuliwa na Israeli na Marekani Juni 2025 wakati Korea Kaskazini, yenye mabomu tayari, haiguswi na mtu.

Hoja hii ni nzito na sitaipiga teke. Mtu akivuliwa ngao kwa ahadi kisha akapigwa, huwezi kumwambia mwingine avue. Ninachoweza kusema ni kwamba funguo za mabomu yale ya Ukraine zilikuwa Moscow, si Kiev. Na walio nayo pia wanapigwa. India na Pakistan zilipigana Kargil mwaka 1999, zikapigana tena Mei 2025, zote mbili zikiwa na mabomu. Israeli ilishambuliwa tarehe 7 Oktoba 2023. Bomu halikumlinda mtu siku hiyo. Waliovunja ahadi ya Budapest ndio wa kulaumiwa, na mvunjaji mwenyewe ni mmoja wa wale watano waliofika mapema.

Kuna nchi moja tu duniani iliyoyaunda mabomu haya kwa mikono yake, ikawa nayo kamili, kisha ikayavunja kwa hiari, nayo ni ya bara hili. Tarehe 24 Machi 1993 Rais F. W. de Klerk aliliambia bunge la Afrika Kusini kwamba serikali yake ilikuwa imeunda mabomu sita kwa siri na kwamba yote yamekwisha kuvunjwa. Wapo wanaosema makaburu waliyavunja ili yasirithiwe na Mwafrika. Yawezekana. Lakini Mandela alipoingia madarakani mwaka 1994 hakuyarudisha, ijapokuwa wataalamu walikuwapo na urani ilikuwapo. Hilo halisemwi sana katika mijadala yetu, na mimi naona lina uzito kuliko hotuba nyingi.

Mwaka 1996, tarehe 11 Aprili, nchi za Afrika zilitia sahihi Cairo mkataba wa kulifanya bara zima lisiwe na silaha za nyuklia, nao ukaanza kufanya kazi tarehe 15 Julai 2009. Unaitwa Mkataba wa Pelindaba, kwa jina la mahali karibu na Pretoria palipokuwa na kituo cha utafiti wa nyuklia cha makaburu. Jina hilo husemwa kuwa limetokana na maneno ya Kizulu yenye maana ya kwamba jambo limekwisha, mazungumzo yamefungwa. Na tarehe 7 Julai 2017 kwenye Umoja wa Mataifa nchi 122, Kenya ikiwemo, zilipiga kura kuupitisha mkataba wa kupiga marufuku silaha hizi kwa kila mtu, bila kujali alifika Januari au Februari. Hakuna hata moja kati ya zile tisa iliyoshiriki mazungumzo hayo.

Nilimweleza cucu habari za kura hiyo jioni akichambua mchele. Akauliza kama wale wenye kufuli walikuwepo. Nikamwambia hawakuja. Akapepeta ungo mara mbili, tatu, akasema, "Basi muwafuate huko huko waliko," na akaniambia nilete maji, giza linaingia.